Ukombozi wa Bakora

Bibi yangu aliuza kahawa na kashata katika ua wake, kando ya mahali pa kuanikia mbata, na ndiyo sababu tawi letu la vijana lilizaliwa katika harufu ya nazi kavu. Waliokuja kukutana walijifanya wateja. Kila mmoja alishika kikombe chake, na askari aliyepita barabarani aliona watu wanakunywa kahawa, basi. Kunywa kahawa hakukuhitaji kibali.

Mpuliza makaa nilikuwa mimi. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la mwisho katika shule ya kati ya wasichana, nimekwisha kuahidiwa nafasi ya kwenda kusomea ualimu. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, baba alikuwa huko kwenye mashamba ya mkonge akitukumbuka anapokumbuka, na bibi alinilea kwa kahawa ile. Hatukuwa na shamba, hatukuwa na nyumba ya kupangisha. Tulikuwa na nafasi ile ya ualimu, na bibi aliitaja hata kwa watu waliokuja kununua kashata ya senti tano.

Aliyeongoza mikutano tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa kijana wa Kizaramo wa Kaole, amemaliza shule mwaka uliotangulia na alikuwa akitafuta kazi. Sisi wengine tulikuwa bado wanafunzi, na mwanafunzi alikatazwa siasa kama alivyokatazwa kuvuta sigara, ila kwa sigara ulichapwa na kwa siasa ulifukuzwa. Wazee wachache wa mjini walikuwa na kadi za chama kutoka Dar es Salaam, wakizilalia chini ya magodoro. Sisi tulitaka tawi la vijana lisilolaliwa na mtu.

Masharti ya tawi yalichukua muda mrefu kuliko ilivyopasa, maana kila neno lilipiganiwa. Sharti la kwanza lilisema kwamba ndani ya tawi hakuna mwungwana wala mtwana. Leo jambo hilo ni jepesi mdomoni. Katika Bagamoyo ile kulikuwa na watu waliojua babu ya nani aliuzwa na babu ya nani aliuza, na watu hao waliswali safu moja kila Ijumaa bila kutajiana. Aliyeshikilia liandikwe, tena liwe la kwanza, alikuwa kijana mmoja ambaye baba yake ni Mwarabu mwenye duka la vitambaa. Alisema huku sauti inamtetemeka, na baada ya hapo hakuna aliyebisha. Tukaandika pia kwamba ajuaye kusoma amfundishe asiyejua, na la tatu, kwamba kilicho chetu hatutakiomba kwa kupiga magoti. Mwenyekiti akataka neno UKOMBOZI likae juu ya yote, kwa herufi kubwa.

Bibi alikuwa anapita na sinia.

"Ukombozi?" akauliza. "Kwani mmewekwa rehani?"

"Bibi, ni neno la siasa," Mwenyekiti akamwambia kwa upole.

"Ni neno la watani hilo, mjukuu wangu. Kinachokombolewa ni kitu kilichoshikwa. Semeni kwanza nani kakishika, halafu mseme mtampa nini akiachie."

Wavulana wakacheka, nami nikacheka. Bibi akaenda zake na sinia lake.

Ila sikucheka walipofika kwenye sharti la uanachama. Lilisomwa hivi: kila kijana wa Bagamoyo ana haki ya kuwa mwanachama na kusema mkutanoni. Walipomaliza, Mwenyekiti akanyoosha kikombe bila kunitazama ili nimwongeze kahawa. Nikaliweka dele la kahawa chini.

"Kila kijana," nikasema. "Na mimi ni nini, mbuzi?"

Walitazamana. Mmoja akasema wanawake wana mambo yao. Nikamwuliza kama mambo hayo ndiyo kumpikia yeye kahawa, maana kama ndiyo, leo yamekwisha, aende akanywe bahari. Nilikuwa na mdomo, na bado ninao. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, alipigisha kura ya mikono na nikapita. Nilifurahi sana. Kisha mwanachama mpya akaombwa apulize makaa, kwa sababu yalikuwa yanazimika.

Kilichobaki ni kujitangaza. Tulitaka kusimama uwanjani, mbele ya wazazi wetu, tuyasome masharti yale kwa sauti. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, kule bomani, naye hakutia sahihi jambo la wenyeji kabla ya kusikia maoni ya Liwali, mkuu wa wenyeji aliyewekwa na serikali. Mwenyekiti alikwenda bomani na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Alikwenda tena na tena. Jibu la mwisho alipewa mlangoni: vijana warudi shuleni, mkutano hauna kibali.

Aliyempa jibu lile mlangoni alikuwa babu yake mwenyewe.

Mzee yule alikuwa tarishi wa boma tangu ujana wake, na kazi yake ilikuwa imemwingia mwilini. Mtu akitaka kuingia ofisini, alimwuliza, "Una kibali?" Ikafika mahali akawauliza hata nyumbani. Wajukuu wakitaka kwenda kuogelea, wana kibali? Mbuzi wa jirani akichungulia mlangoni, ana kibali? Mji mzima ulimwiga, watoto wakilisema swali lile kwa sauti yake ya puani. Alimpenda mjukuu wake kuliko watu wote, na siku ile alimwambia hakuna kibali, akageuka upande mwingine asimwone anavyoondoka. Miezi michache baadaye alifariki usingizini.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wenzangu wa pwani wanalijua. Babu wa bibi yangu alishuka Bagamoyo kutoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani, akautua mzigo na hakurudi tena. Sisi ni Wanyamwezi wa mji huu, na Wazaramo ni watani wetu. Kwenye msiba wa Mzaramo, mtani wake Mnyamwezi hulala kaburini asitoke mpaka apewe kitu, huvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, huwasema wafiwa maneno ambayo mtu mwingine angevunjwa meno kwa kuyasema. Huteka kiatu, kofia, sufuria ya wali, na alichokiteka hakirudi mpaka kikombolewe kwa kumpa kitu. Mfiwa hakasiriki. Akikasirika, aibu ni yake. Kazi ya mtani ni kuwachekesha wenye machozi, na bibi yangu aliifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba watu walitaka kujua yupo au hayupo kabla ya kwenda kuzika.

Mwaka ule magoti yalimkataza. Usiku wa pili wa matanga aliniita.

"Mke mwenzangu," akaniambia, ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "kesho wanaanua tanga kule Kaole, na mimi kutembea siwezi. Nenda wewe. Nyumba ile isilie bila mtani."

Nilikwenda, na njia nzima nilikuwa nawaza. Mwenyekiti ni mfiwa, hawezi kusema. Wanachama wengine ni wageni pale, watakula ubwabwa na kunyamaza. Watu watakuwa wengi kuliko mkutano wowote ambao tungeupata. Na mwenye ruhusa ya kusema chochote, mbele ya yeyote, siku hiyo, nilikuwa mimi. Ruhusa hiyo haikutoka bomani.

Khitima ilisomwa, chakula kikaliwa. Wanaume walikaa kwenye mikeka uani, wanawake nyuma yao kuelekea jikoni. Liwali alikuja na askari wake kutoa heshima kwa tarishi wa siku nyingi. Alikuwa mzee wa Kimanga, Mwarabu wa Omani, mwenye ndevu nyeupe na bakora yenye kishikio cha fedha, mtu wa taratibu, hasikiki akigombeza mtu. Alipewa kiti, kile kimoja kilichokuwepo nyumbani, akakikalia.

Niliingia chumbani, nikavaa kanzu ya marehemu, kofia yake na koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, nikatoka nikiburura miguu kama alivyokuwa akiiburura. Nikasimama katikati ya mikeka, nikawatazama watu wote kwa zamu, nikasema kwa sauti ya puani:

"Wote hawa! Mna kibali?"

Kicheko kilichopasuka pale sijakisikia tena. Mjane mwenyewe alijifunika uso kwa kanga na mabega yakawa yanamcheza. Nikaendelea.

"Nimefika kule. Malaika kanijia na maswali yake. Nikamwambia, subiri kwanza, wewe una kibali? Akaniambia, mzee, huku hakuna kibali. Huku mwungwana na mtwana wanapanga mstari mmoja, na wewe jipange. Nikajipanga. Nyuma yangu Mwarabu, mbele yangu Mnyamwezi, ananuka kama kawaida yao."

Wazaramo wakapiga makofi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikohoa, lakini ndevu zilionyesha kwamba anacheka.

"Halafu malaika kaniuliza: mjukuu wako alitaka kukaa na wenziwe, waambiane kwamba watu ni sawa, kwamba ajuaye kusoma amfundishe asiyejua, kwamba chao hawatakiomba kwa magoti. Nani aliwakatalia? Nikasema, si mimi, mimi wa mlangoni tu. Akasema, basi rudi kaulize wa ndani."

Kicheko kilikuwa kinapungua, nami nilikisikia kinapungua, na ningeishia hapo ningerudi nyumbani salama. Lakini nilikuwa nimepata moto. Niliburura miguu mpaka mbele ya kile kiti. "Na wewe, uliyekaa na kundi lote hili," nikamwambia Liwali, "kibali chako kiko wapi?" Nikaitwaa bakora iliyokuwa imeegemezwa pajani mwake. "Naiteka hii mpaka kionekane."

Kule jikoni kijiko kilianguka na kila mtu akakisikia.

Nilijua kosa langu kabla halijatamkwa. Liwali hakuwa mtani wangu. Mwarabu na Mnyamwezi hawana utani. Walichokuwa nacho zamani kilikuwa kitu kingine, na hakikuwa cha kuchekwa. Mdogo wake marehemu akainuka, mikono ameifumbata kifuani.

"Bwana Liwali, utuwie radhi. Mtoto kapitiliza. Utani ni wa walio mkekani, hauvuki kiti."

Liwali alinitazama. Hakupandisha sauti wala hakunyoosha mkono. Alisimama, akamshika bega askari wake, akaondoka polepole bila bakora. Nami nilibaki nayo, katika kanzu ya maiti, watu wote wakitazama chini.

Siku ya shule iliyofuata, mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa mama wa Kizungu, mkali lakini wa haki kwa kiasi chake, na alikuwa ameandika kwa mkono wake maombi yangu ya ualimu. Alisema sharti ni jepesi. Nirudishe fimbo ile, niombe radhi, niahidi kuachana na siasa, kisha nirudi darasani. Mpaka nifanye hivyo, nisionekane pale. Nilirudi nyumbani na vitabu vyangu vikiwa vimefungwa kwa kanga.

Nilidhani bibi atalia juu ya nafasi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua bakora akaigeuza geuza.

"Ulikosea," akasema. "Sana. Lakini sikiliza. Mtani harudishi bure. Akirudisha bure na kuomba radhi, basi hakuteka, aliiba. Na yale maneno aliyoyasema hayakuwa utani, yalikuwa matusi. Ukienda kuinama pale, unayameza yote, mpaka lile la mstari mmoja. Unaweza kuyameza?"

"Siwezi."

"Haya. Itundike hapo."

Ikatundikwa ukutani juu ya jiko la kahawa. Wenzangu walipita barabarani asubuhi na sare zao nyeupe, nami niligeuza uso kwenye makaa nijidai moshi umeniingia machoni. Nililia, sitaki kusema sikulia. Kilichoniuma zaidi ni Mwenyekiti. Alikuja akakaa, akakohoa, akasema, "Ndugu, irudishe. Tusiue tawi kwa ajili ya fimbo."

"Soma sharti la tatu," nikamwambia.

"Nalijua, nimeliandika mimi."

"Umeliandika. Sasa lisome."

Hakulisoma. Alikunywa kahawa yake, na alipoondoka aliosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Huku nyuma mji ulikuwa umeshika lake. Liwali alikuwa na bakora nyingine nyumbani, bila shaka, lakini kila aliposhuka sokoni watu walimwamkia kwa adabu zote, shikamoo Bwana Liwali, na macho yao yakashuka mpaka mkononi mwake. Hakuna aliyesema neno. Bagamoyo inajua kucheka bila kufungua mdomo.

Arobaini ya marehemu ilipofika nilikwenda Kaole na bakora imeviringishwa kwenye kanga. Bibi alikuja pia, kwa punda wa jirani, akilalamika njia nzima. Khitima ilikuwa imekwisha, watu wananawa mikono, tukamwona Liwali anaingia na askari wake. Kile kiti kikaletwa mbio. Alikitazama, akatikisa kichwa. Akavua viatu mlangoni kwa taabu, maana miguu ilikuwa imemvimba, akashuka mkekani kati ya mdogo wake marehemu na Mwenyekiti, akakunja magoti kama mtu wa nyumbani.

"Poleni wafiwa wenzangu," akasema. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akaniona kule nyuma. "Mtani, bakora yangu. Miguu inaniuma."

Nilimtazama bibi, naye alikuwa amefumba macho kama anayeonja kitu.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake kwa adabu ya salamu, bakora mapajani. "Shikamoo Bwana Liwali."

"Marahaba."

"Kitu kilichotekwa hukombolewa."

"Ndiyo nimekuja kukomboa," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, lakini wote walisikia. "Nimeambiwa umezuiliwa shule. Nikimwambia mwalimu wako kwamba mimi na wewe ni watani na hakuna kosa, keshokutwa uko darasani. Hilo naliweza. Na habari ya mkutano wenu, Bwana Shauri ananisikiliza. Nikimwambia sioni ubaya, atatia sahihi. Hilo naliweza pia. Lakini siwezi kumwendea Mzungu kwa shule na Mzungu kwa siasa kwa ajili ya mtoto mmoja, watasema Liwali kawa wakala wako. Bakora ni moja, mtani. Sema."

Nikafikiri ubao mweusi, nami nimesimama mbele yake na chaki. Nilikuwa nimejiona hivyo mara nyingi. Nikamfikiri bibi anavyoitaja nafasi ile kwa wateja, nikageuka kumtazama ili anisaidie. Alikuwa amefumbua macho. Hakunisaidia, na nilimpenda kwa hilo, ingawa wakati ule nilimkasirikia.

Mwenyekiti aliniangalia akatikisa kichwa kidogo, kunikataza. Akafungua mdomo. "Ndugu, chukua shule."

"Kibali," nikasema.

Liwali akauliza, "Una hakika?"

"Kibali, Bwana Liwali. Lakini bakora naitoa kwa mkono mmoja, maana siombi." Nikaishika bakora kwa mkono mmoja nikamnyooshea, wala sikuiachia mpaka aliposema "wallahi" na watu wakashuhudia.

Bibi alilia usiku ule, mara moja tu, kisha akaniambia nimekosa adabu kumnyooshea mtu mzima kitu kwa mkono mmoja. Sikurudi shule. Ualimu niliufanya baadaye miaka mingi katika ua ule ule, kwa watu wazima waliokaa juu ya magunia ya mbata na kushika kalamu kama mpini wa jembe, na hakuna aliyewahi kunipa cheti chake. Kuna siku nilijuta. Zikipita sare nyeupe barabarani, mpaka leo nageuza uso.

Mkutano ulifanyika uwanjani baada ya swala ya alasiri. Walikuja watu wa mjini, watu wa Kaole, hata wengine kutoka Miono waliokuwa wameleta mahindi sokoni. Mwenyekiti alikuwa ameamka alfajiri kuja kuwasha makaa ya bibi, na kahawa aliyoipika iliungua. Tuliinywa hivyo hivyo. Kisha, badala ya kufungua mkutano, alisoma sharti la uanachama na kunionyesha sanduku la kusimamia.

Nikapanda. Nilikuwa nimevaa kanga yangu ya kila siku. Watu walianza kutabasamu, wakingojea sauti ya puani, wakingojea marehemu.

"Mkutano huu una kibali," nikasema, kwa sauti yangu.